Dakika za Dereva Mbele ya Dirisha Letu

Chumba cha mbele, ghorofa ya chini,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia rasmi kwamba basi namba tisa halisubiri tena mbele ya dirisha letu. Linafungua mlango, linafunga, linakwenda zake.

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limetulia. Mama Mdogo hajambo? Na wale pacha, bado wanagombania kiti cha mbele? Sisi tu wazima. Anayekohoa humu ndani ni cherehani yangu tu.

Najua unajiuliza basi lisiposubiri linakuhusu nini. Vumilia kidogo, linakuhusu.

Kituo chetu ni cha kusawazisha muda. Mkaguzi wa njia alinieleza siku aliyoleta suruali nimpunguzie kiuno. Dereva akifika kabla ya saa iliyoandikwa, haruhusiwi kuondoka. Akiondoka atawaacha wanaokuja kwa wakati, kisha atamfikia mwenzake aliye mbele, na mabasi mawili yataongozana kama bata huku nyuma watu wakikodoa macho barabarani. Kwa hiyo anasubiri.

Sasa, yupo dereva mmoja aliyefiwa na mke, abiria wanamwita Mapema. Huyo alifika mapema kila siku ya Mungu, na dada yako, Shangazi, kila siku alikuwa na bilauri ya maji tayari dirishani. Maji yakazaa mazungumzo. Abiria wakawa wanapiga kelele: "Dereva, hapa ni kituoni au ni ukweni?"

"Ratiba, jamani," anajibu kwa upole. "Mimi ni mtumwa wa ratiba."

Shangazi, ambaye tangu afiwe na mumewe kicheko chake tulikuwa tumekisahau, akawa anacheka mpaka nakosea mshono.

Lakini ofisi ya ratiba nayo ina macho. Ikatuma watu wapime safari za namba tisa kwa wiki nzima. Basi likionekana linasimama bure, njia hiyo ina muda wa ziada. Muda huo hukatwa ili basi lipate safari nyingine. Mapema aliposikia, akaanza kuendesha kama amepakia mayai, aonyeshe kwamba muda hautoshi. Ikawa anafika hana nafasi hata ya kumeza mate. Wiki nzima alizilinda dakika zake kwa kutozitumia! Shangazi akamwaga maji uani, akaniambia, "Mwanamume huyo amenichoka."

Wenzake wa namba tisa waliendesha kama kawaida. Dakika zikakatwa.

Siku ya kwanza ya ratiba mpya, Mapema alifungua mlango, akaita huku ameshika usukani: "Bibie, muda wa kuongea nimenyang'anywa. Nikuoe?"

"Mjibu, mama, tunachelewa kazini!" abiria mmoja akadakia.

Shangazi akashika dirisha kwa mikono miwili. "Mimi siposwi barabarani. Nina mdogo wangu. Akikubali yeye, njoo na wazee wako."

Mlango ukafungwa. Basi likaondoka kwa wakati.

Ndiyo sababu ya barua hii. Kukupigia simu mwenyewe anaona haya, lakini tangu nishike kalamu amepita nyuma yangu mara nyingi, anafagia mahali ambapo ni safi tayari. Mwanamume nimemchunguza: hana makuu, hapigi honi ovyo, na bilauri huirudisha. Tunangoja neno lako, Baba. Likiwa ni ndiyo, usilicheleweshe.

Msalimie sana Mama Mdogo, wabusu pacha, na yule jirani yenu mshona viatu mwambie soli zake bado zinanibeba. Mungu awape afya na awaondolee kila zito.

Jambo moja tu bado linatutatiza. Akihamia hapa, itabidi aende depo, yanakolala mabasi, kwa miguu, kwa kuwa basi la kwanza la asubuhi ndilo analoliendesha yeye.

Mwanao asiyekusahau,
Fundi