Uyoga Mbichi wa Mama Chebet

Mama Chebet wangu,

Nina hasira, na tangu tukuzike sijapata mtu mwingine wa kuvumilia manung'uniko yangu. Kwa hiyo nisikilize.

Unakumbuka ile Jumamosi, miaka ya tisini, ulipowaita akina mama wa kanisa hapa kwetu Sosiot? Hoteli moja ya Kericho ilitaka uyoga wako, lakini kibanda kimoja nyuma ya zizi hakingetosha. Ulitaka wenzako wakuze pamoja nawe, ukaona heri waonje kwanza. Nikakuambia, "Pika huo uyoga, mama. Watu wetu hawali mbichi." Ukanituma nikakamue ndimu.

Nilikamua hadi jeraha la kidole likaniliza. Wewe ulikata uyoga mwembamba kama karatasi, karai zima, ukachanganya na kitunguu, dhania na mafuta. Chumvi ukaitia watu wakiwa tayari wameshika sahani, maana chumvi hutoa maji upesi.

Ndipo Mama Chepkoech, mwenyekiti wao, mzaliwa wa Kimulot kule msituni, akaweka sahani chini. "Kwetu uyoga umezika watu. Baba Chebet aanze."

Nikala. Wakanikodolea macho.

"Tumbo je?"

"Liko sawa."

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Ngojeni kidogo. Ule wa sumu huchelewa."

Chai ikanywewa, nyimbo zikaimbwa. Waliporidhika kwamba ningali hai, karai lilikuwa limejaa maji meusi. Mama Chepkoech akainua kipande kwa uma. "Yeye amepona. Uyoga ndio umekufa."

Wakacheka, wakaenda zao. Hakuna aliyejiunga nawe. Na lawama ukanitupia mimi: "Unatafuna kama mbuzi mgonjwa! Ungemeza haraka!"

Sasa sikia. Juzi nilienda harusi hapa jirani. Mezani, kachumbari ya uyoga mbichi, makarai matatu! Mama Chepkoech, na mkongojo wake, akanisukumia sahani. "Onja, Baba Chebet. Hii imetoka Nairobi."

Nairobi! Nikamwambia imetoka nyuma ya zizi langu.

"Kula, mzee. Acha maneno."

Nusu ya wale akina mama wana vibanda vya uyoga siku hizi. Wamekubali wote, mama, na wewe hukuwepo kuwaringia hata kidogo. Nilijaribu kuringa kwa niaba yako, lakini unanijua. Mimi kuringa sijui.

Mumeo,
Baba Chebet