Katiba ya Bonjour

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechoka na hii simu. Kikundi chetu cha WhatsApp, Gari la Mama, kiliundwa kwa jambo moja tu: mama akishikwa na uchungu na essence, mafuta ya gari, imekosekana mjini, yeyote mwenye gari na chochote ndani ya tanki amwahishe hospitali. Bure. Leo mume wa Benite, mwenzetu kikundini, ameomba gari kutoka Nyakabiga. Ombi likazikwa! Bonjour la famille. Bonjour na kwako. Maua, njiwa, kikombe cha kahawa kinachofuka moshi. Kila mmoja lazima amjibu kila mmoja, maana asiyejibu salamu ataambiwa ana kiburi. Benite amefika hospitali kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na uchungu wake. Mzima, mtoto mzima, alhamdulillahi. Lakini nina hasira. Na hapa kwangu Cibitoke mdogo wangu Houda yuko mwezi wa tisa, na gari hatuna.

Jumanne, 9 Septemba

Kwa hasira nimewatungia katiba. "Sisi, Wananchi wa Gari la Mama, tuliochoshwa na maua..." Ibara ya kwanza: kila raia ana haki ya bonjour moja kwa siku, haiuzwi wala hairithiwi. Ya pili: njiwa yeyote atakayeruka kwenye skrini atakamatwa. Ya tatu: kutakuwa na Waziri wa Salamu, atasalimu kwa niaba ya wote. Ya nne: atakayeidharau Katiba hii atafungwa mdomo wiki nzima. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nikatuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Hawakucheka. Wameipenda!

Mzee Hamimu, mwenye kikundi — zamani alikuwa na gereji, nusu ya mji inamwamkia — ametuma ujumbe mrefu wa sauti: binti amefikiri, tupige kura. Ibara zote zimepita. Yeye ni Rais. Népomuscène wa duka la vipuri ni Waziri wa Salamu, na tangu leo ombi lolote la gari linapitia kwake kwanza, aone kama limeandikwa kwa adabu. Wameongeza na Korti.

Nimempigia Odette, rafiki yangu wa Uvira anayeuza vitenge, naye yumo kikundini. "Mi nilichekaka sana," akasema. "Lakini hawa batu habachezi. Ubaambie mapema." Niwaambieje? Mzee ameshaichapisha, ameitia plastiki, imebandikwa dukani kwa Népo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimewaambia. Kwa upole, wallahi: wazee wangu, ule ulikuwa utani, turudi kwenye magari. Kisha Korti ikakaa, na Korti nzima ni Népo na shemeji yake. Ibara ya nne. Wamenitoa kikundini mpaka Jumapili ijayo. Odette alinitetea, naye akaonywa. Houda amecheka huku ameshika tumbo. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 18 Septemba, mchana

Uchungu umeanza asubuhi. Magari ya majirani yamelala foleni kwenye kituo cha mafuta. Baiskeli Houda hataki hata kuisikia, mgongo unamkata. Nimempigia Mzee Hamimu mwenyewe. Sauti yake laini kabisa.

"Mutoto yangu, gari iko apa mbele ya mulango, na essence iko. Lakini we umefungwa. Mi Rais nikianza kuvunja katiba, nani ataifuata?"

Nikasema, Mzee, huyu mtoto anayekuja hajui katiba.

"Ndiyo maana naita kura ya haraka. Vumilia kidogo."

Odette ananitumia picha za mjadala. Wengi wanasema ndiyo. Lakini kila ndiyo inaanza na salamu kwa Rais, na Népo anaifuta kwa sababu mtu huyo amekwisha kusalimu leo, kwa hiyo anaandika upya. Shemeji yake anauliza kama ombi la mfungwa linaweza kuletwa na mtu mwingine. Wamelisifu hilo swali. Wanalijadili. Naandika hapa ili nisiirushe simu ukutani. Ni watu wema, najua, na ningewapiga wote.

Houda anazunguka uani, anashika ukuta, anatembea tena. Sasa hivi ameniuliza gari inatoka saa ngapi. Nimesema bado wanapiga kura.

Amechuchumaa, ameshika ukuta.

"Dada," akasema, "weka iyo simu chini. Enda uchemshe maji."