Maua Chini ya Saruji

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko machimboni na kifua kimepona lile vumbi la mawe. Sisi hatujambo. Baba pia hajambo, ingawa hakuniagiza nikusalimie. Mama anasema mligombana kwa sababu ya maua ya Bibi. Maua gani hayo ya kuwafanya ndugu wasisemezane tangu sijaanza shule?

Binti wa kaka yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepona, hasira bado. Marehemu Bibi yako alipanda maua ya mwambani mbele ya nyumba: ya rangi ya waridi, ya njano, na meupe yenye mistari. Majani yake ni manene, yanaweka maji ndani. Kiangazi hunyauka, ukadhani yamekufa, kumbe yamelala. Baba yako akayamwagia saruji eti apate uwanja safi, na machozi ya msiba hayajatukauka.

Huku yanaota kwenye nyufa za majabali. Nakutumia vipande vitatu, kila kimoja aina yake. Vichomeke kwenye kokoto, kopo liwe na tundu. Usivimwagilie kwa huruma. Huruma ndiyo inayoviozesha.

Shangazi

2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Viwili vimeoza. Huruma ilinishinda. Cha tatu kimekunjamana kama uso wa Baba akisikia unatajwa. Jana nilimkuta amelishika kopo. Nikapiga kelele, "Baba, usikitupe, kimelala!" Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema ni wewe. Akalirudisha dirishani, upande wenye jua.

Utakuja lini?

Binti wa kaka yako

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siji kukanyaga saruji ile. Soma kwa bidii.

Upande wenye jua, kweli?

Shangazi

11 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hali yako? Sisi wazima, ila mgongo unaniuma.

Ua limechanua. Jeupe, lenye mistari. Mwanao alinivuta nikalione hata shati sijavaa, nikasimama pale mpaka chai ikapoa. Dada, siku ile ya saruji mimi nilidhani yamekufa. Wallahi nilidhani hivyo.

Wiki hii nimeivunja saruji yote kwa nyundo, ndiyo sababu ya mgongo kuuma. Mwanao ameshamwaga kokoto, na ndoo ya maji amenificha. Ya waridi na ya njano hatuna. Usiyatume kwa barua, nyumba hii ina watu wa huruma mno.

Yalete mwenyewe.

Mdogo wako