Mwendo wa Ndege Hadi Khujand

Kaka yangu mpendwa Firdavs,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Moscow haijakurudishia kile kikohozi. Mimi sijambo, na shule naendelea nayo. Kabla ya mengine, nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: ni mimi niliyemwambia Mama mwendo wa ndege.

Unajua Mama aliipima safari yako kwa treni, kwa sababu ndivyo ulivyoondoka. Jirani yetu Bibi Hosiyat alipomchokoza kwamba mwanawe kaoa Mrusi na kusahau kwao, alikuwa akimjibu, “Wewe nawe! Siku nne kuja, siku nne kurudi, bosi gani atampa ruhusa hiyo?” Kwa miaka sita jibu hilo lilimtosha.

Mwezi wa nne tulifundishwa ramani. Nilipima mwenyewe: kutoka huko hadi kwetu Khujand ni kama kilomita elfu tatu, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa nne. Nilikimbia nyumbani nikidhani nampelekea furaha. Alikuwa akibandika mikate tanurini. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwonyesha kitabu. Akasema polepole kwamba basi mtu angeweza kunywa chai ya asubuhi huko, na jioni akala pilau hapa. Mikate ile iliungua, wala hakunigombeza.

Tangu siku hiyo Bibi Hosiyat akimtania, Mama hakumtajia tena zile siku nne. Figo zilipomlaza, Mjomba Abdusattor alitaka kukupigia simu uje. Mama akakataa. Alisema, “Mwacheni. Angetaka kuja, angekuja.” Nilikuwa hapo, nimeshika kikombe cha dawa.

Baadaye ndipo Mjomba aliponieleza kwamba karatasi zako za kuishi huko zina kasoro, kwamba ukitoka hawatakuruhusu tena kuingia, na kwamba wewe mwenyewe ulimwomba amfiche Mama asije akakosa usingizi. Laiti ningelijua, ningemwambia.

Kaka, ukipiga simu Shangazi hukuambia Mama amelala, au ameenda harusini. Si kweli. Mama alifariki mwezi wa kumi. Tulimzika siku ileile kabla ya jua kuzama, pembeni ya Baba. Wakubwa walikubaliana usiambiwe, maana kwetu habari kama hii hapewi mtu aliye peke yake ugenini. Lakini juzi ulisema unauza vitu vyako uje umwone, hata kama hutarudi tena kazini. Siwezi kukuacha ukae ndani ya ndege muda wote huo ukifurahi.

Shangazi na Mjomba wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nakuandikia. Bibi Hosiyat pia. Siku hizi hutuletea supu na hataniani na mtu.

Leo mchana nilikwenda kwa Haidar, mtoto wa fundi viatu, anayerudi Moscow kesho. Nilimwomba asikupe barua hii ukiwa peke yako, akuite chumbani kwake, akae nawe mpaka umalize kuisoma. Alikubali. Kisha nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikaanza kuiandika.

Mdogo wako akupendaye,
Savrina