Mtu wa Kukaa Mbele

Jumatatu, 6 Januari 2025

Leo nimeitoa turubai. Miaka sita! Panya wawili wametoka mbio, na kuku wa jirani alikuwa ametaga mayai saba chini ya kiti cha nyuma. Boti bado ni boti. Alumini haiozi — nilikuwa nikiwaambia hivyo vijana kazini, na kumbe nilisema kweli. Ila ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati, zimelegea, na rangi ya kijivu ya serikali inabanduka ukiigusa.

Niliinunua kwenye mnada mwaka niliostaafu idara ya samaki. Laetitia aliniuliza: boti ya nini hapa Ediofe, mjini Arua, mto uko mwendo wa saa mbili kwa lori? Sikuwa na jibu. Leo ninalo, lakini wa kumwambia hayupo. Mke wangu yuko Koboko kwa binti yetu Prossy. Alikwenda kwa miezi mitatu kulea mjukuu. Mjukuu sasa anasoma chekechea.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba hii. Yeye Mnande wa Congo, mimi Mlugbara, tukakutana katikati. Siku hizi nakizungumza na kuku.

Jibu lenyewe ni hili: niitengeneze, niipeleke Rhino Camp, niishushe mto Nile, nivushe watu. Nataka kusikia watu wakiongea karibu yangu. Haya, nimeshasema.

Alhamisi, 9 Januari

Ukitaka kujua boti inavuja wapi, huipeleki kwenye maji. Unayaleta maji kwenye boti. Unajaza ndani, unazunguka nje na chaki, kila tone unalitia alama.

Sawa kabisa — isipokuwa ni Januari, kiangazi, na kisima cha pampu kina foleni tangu alfajiri. Nimejaza madumu ishirini na mawili. La ishirini na tatu sikulipata. Margarita, msimamizi wa kisima, alinifuata hadi uani na wanawake watatu nyuma yake.

— Mzee Celestino! Sisi iko kwa laini tangu saa kumi na moja, wewe namwaga maji kwa boti? Watu yote ya dunia natoa maji kwa boti, wewe naweka!

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka na mimi. Kisha aibu ikanipata, maana mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na dumu lake tupu. Nikawaambia wakija jioni wayachote yote, ni ya kufulia, hayana kosa.

Wakaja na mabeseni. Kwa nusu saa ua wangu ulijaa sauti. Walipoondoka nilihesabu alama za chaki: thelathini na moja. Nikahesabu tena, bila sababu.

Jumatatu, 20 Januari

Mafundi wa kuchomelea watatu wamesema wanaweza alumini. Wote watatu waongo! Mmoja ametoboa tundu jipya la kuingia kidole.

Mwishowe nimemkumbuka Adriko, yule anayekaa karibu na soko akiziba sufuria. Sufuria ni alumini, boti ni alumini. Alipoiona alizunguka mara mbili, akauliza kwa utaratibu sana: Mzee, hii sufuria ni ya kupikia harusi gani?

Ribiti moja inataka watu wawili. Mmoja ndani anagonga na nyundo, mwingine nje ameshikilia chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti. Hamwonani. Akigonga mara moja, maana yake sogea. Mara mbili, shikilia hapo. Tumegongeana hivyo tangu asubuhi hadi saa tisa. Sijawa na siku nzuri hivi tangu Laetitia aondoke.

Tukala enya, ugali wa kwetu, na angara, vile visamaki vikavu. Akauliza boti ilikuwa ya kazi gani. Nikamwambia. Doria ya samaki, mwalo wa Rhino Camp, miaka kumi na tisa.

Akaacha kutafuna.

— Hii njo ile walikuwa naita Kusanya?

Ndiyo. Ilikuwa ikilia tu, kila mtu anakusanya nyavu zake na kukimbia. Adriko akasema wajomba wake ni watu wa mto. Akasema tu hivyo. Akamaliza chakula kwa heshima, akanawa, akafunga nyundo zake. Amesema ribiti zilizobaki naweza kuzigonga mwenyewe. Anajua kabisa siwezi — nani atashika chuma?

Jumatano, 29 Januari

Nimebaki na ribiti nne zisizopigwa. Nimeziba kwa gundi ya lami. Zitasubiri.

Sasa injini. Nguvu za farasi ishirini na tano. Nimefungua kabureta; petroli ya zamani imekuwa kama asali iliyoganda humo ndani. Nimesugua, nimepuliza, nimebadilisha plagi, nimechanganya petroli na oili. Nimeifunga kwenye pipa la maji uani, nikavuta kamba. Nikavuta. Nikavuta hadi bega likagoma.

Mvuto wa arobaini na kitu — ikawaka! Moshi mweupe hadi kwenye nguo za jirani yangu Juliet zilizoanikwa. Juliet akapiga kelele kutoka kwake, mimi nikapiga kelele za furaha, injini ikatushinda wote wawili.

Lakini maji hayatoki kwenye kile kitundu cha pembeni. Yasipotoka hapo, injini haipoi, itajipika yenyewe. Nimezima haraka. Nimefungua pampu: ile pangaboi ndogo ya mpira imekauka, mabawa yote yamekatika. Arua yote haipo. Wanasema iko Koboko, kwenye duka moja la spea.

Koboko! Nilifurahi kuona imevunjika. Mzee mzima.

Jumamosi, 8 Februari — Koboko

Spea ilichukua dakika kumi. Mwenye duka, Wani, alitazama ile ya zamani, akaingia nyuma, akatoka na mpya. Basi. Sikuwa na kisingizio kingine cha kuchelewa, nikaenda kwa Prossy.

Laetitia alikuwa anakaanga mandazi. Amenenepa kidogo, amependeza. Akanipa kiti, chai, akaniuliza kuhusu kuku. Nikaeleza habari za boti, zote, hadi ribiti. Kisha nikamwambia: Mama Prossy, boti ile haiendi na mtu mmoja. Mmoja nyuma kwenye injini, mmoja mbele, la sivyo pua inainuka na huoni unakokwenda. Njoo ukae mbele.

Akageuza mandazi. Akasema hivi, nayaandika kama alivyosema:

— Baba Prossy, miye pia ulinikamata. Umesahau? Magunia tatu ya samaki. Ukarudisha moja, ukaniowa. Miye nilibahatika. Batu ya mutoni habakubahatika.

Nikasema ile ilikuwa kazi. Sheria.

— Njo hivyo. Kila siku unasema sheria. Ule muvuvi Ondoga, ulipima wavu yake?

Nikaweka kikombe chini. Mwaka niliomkamata Ondoga nilirudi nyumbani nikamwambia jambo hilo yeye peke yake, na tangu hapo hakuna aliyelitaja tena. Miaka kumi na minne!

— Enda kwa ule mutu, akasema. Siku Ondoga atakubali kukaa mbele ya boti yako, unipigie simu. Nitafunga nguo zangu.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. Akanifungia mandazi sita kwenye karatasi.

Jumanne, 11 Februari

Pangaboi imekaa. Maji yanaruka vizuri. Nimepaka boti rangi ya buluu, nikafuta namba za idara. Mandazi yameisha.

Jumamosi, 22 Februari — Rhino Camp

Tulifika saa nne, mimi na boti juu ya lori. Wapakizi wanne waliishusha, wakalipwa, wakaondoka. Nikaweka mfuko wa mchanga mbele. Ndio abiria wangu wa kwanza, hasemi, hashuki.

Ribiti za Adriko — hata tone! Zangu nne zinalia kidogo. Injini ikawaka, nikaelekea katikati. Upepo, maji, jua mgongoni. Nilisahau umri wangu.

Halafu nikaona mitumbwi. Ilikuwa saba au nane, watu wanavua. Nikapunga mkono. Nao walikuwa tayari wameinama wanavuta nyavu, haraka haraka, mmoja amekata kamba kabisa na kuuacha wavu uzame. Wakaingia kwenye mafunjo. Mwaloni wanawake walikuwa wanabeba mabeseni ya samaki kupanda juu, wengine wanakimbia.

Buluu! Nimeipaka buluu! Hawakuangalia rangi. Walisikia sauti.

Mto wote ukawa mtupu, mimi na mfuko wa mchanga. Nimezima injini nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa nimemtafuta Ondoga. Haikuwa kazi kumpata. Anakaa kando ya mwalo chini ya kibanda cha mabati akishona nyavu za wengine. Mtumbwi hana tangu nilipoupasua kwa shoka mwaka 2011.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Koboko. Yakapotea yote. Nikamsalimu. Akaitikia. Nikasimama, akaendelea kushona. Mwishowe nikamwomba akae mbele ya boti, tuvuke mara moja tu, watu waone.

Akakata uzi kwa meno.

— Ofisa, mimi nilishakaa mbele ya hii boti. Mikono iko nyuma, na kamba. Mpaka Arua kwa gari, tena na kamba.

Nikasema: Ondoga, siku ile sikuupima wavu wako. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimechoka, niliandika tu kitabuni matundu ni madogo. Sikupima.

— Najua, akasema. Mimi nilikuwa pale.

Ilikuwa hivyo tu. Nilidhani neno hilo likitoka kitu kitatokea: atanipiga, au atanisamehe. Akachukua uzi mwingine. Akaniambia alipokuwa gerezani watoto wake walikaa msimu mzima kwa shemeji huko Adumi, na mdogo alirudi hamjui baba yake. Akaniambia kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nilimwambia pole. Neno dogo sana! Nikakaa chini mavumbini. Tumekaa hivyo mpaka jua likahama. Hakunifukuza. Nilimshikia upande mmoja wa wavu alipouvuta, hakukataa.

Nilipoinuka akauliza injini inakunywa petroli kiasi gani. Nikamwambia. Akainamia wavu.

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi. Sijamaliza chai, Ondoga amesimama nje ya lojingi nilimolala. Viatu vya mpira, kofia. Amesema: twende.

Sijampigia Laetitia. Bado.

Baadaye, ndani ya boti. Naandika juu ya goti, herufi zitakuwa mbaya.

Tulipofika mwaloni watu walikuwa wengi, nani aliwaambia sijui. Ondoga ameingia, ameunyanyua mfuko wa mchanga mwenyewe, ameutupa ufukweni. Moyo wangu! Nikashika mpini wa injini nikimsubiri akae.

Hakukaa. Alikuja nyuma, akasimama mbele yangu, akangoja nisogee.

— Mimi nakaa hapa, akasema. Wewe nakwenda mbele.

Sijawahi kumpa mtu mpini huu ambaye si wa idara. Nikaanza kumweleza kamba, mafuta, namna ya kurudisha gia. Akasema anajua, ameitazama hii kitu miaka mingi kutoka kwenye mafunjo. Akavuta mara moja. Mara moja tu! Ikawaka. Nimesogea nimekaa mbele.

Mwaloni wanawake hawakukimbia. Wamesimama na mabeseni yao wanatutazama. Mmoja amecheka, sijui anacheka nini. Kisha wamekuwa wadogo kwa umbali.

Miaka kumi na tisa sikuwahi kukaa kiti hiki. Ni kigumu. Maji yanakurukia usoni, na mgongo wako wote uko wazi kwa mtu aliye nyuma. Nilidhani tungevuka moja kwa moja ng'ambo. Hatuvuki. Anaelekea juu, kule kwenye mafunjo mazito ambako mwaka ule nilimfunga kamba. Nimegeuka kumtazama; jua liko nyuma yake, uso siuoni. Nimemuuliza tunaenda wapi. Ameongeza mwendo.

Sasa amesema kitu. Injini imekimeza, nimemwomba arudie.

— Weka hiyo kitabu chini, Ofisa. Mutu ya mbele hapana andika. Mutu ya mbele naangalia.

Nimemuuliza niangalie nini. Amepunguza mwendo, ananisubiri nifunge kitabu.