Unyoya Niliouacha Malaba

Baba mpendwa,

Huku Malaba ukungu hulala juu ya mafunjo hadi jua lipande, na uji wa wimbi unanukia katika kila jiko. Leo Mama Amoit, mwenyekiti wa kikundi cha kulinda kinamasi, na mumewe ambaye ni katibu, walinipeleka kuwaona korongo. Korongo wawili walicheza ndani ya ukungu, polepole, kama ndotoni. Kisha Mama Amoit akaitazama kofia uliyonivalisha stesheni, na unyoya wake wa korongo.

"Mgeni, ndege mwenye unyoya huo naye alikuwa na mwenzake," akasema kwa upole.

Nimeuchomoa, Baba, nikauacha majini. Kofia narudi nayo tupu. Foka utakavyo; nitaketi karibu nawe nikusikilize.

Mwanao,
Wekesa