Waya wa Nyumba Iliyofungwa

Dada Verna,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Joto la Phoenix mnaliwezaje, na shemeji mgongo wake umepoa? Sisi tunapumua na kondoo wamezaa vizuri, ila moyo wangu haujatulia, na mambo yenyewe sikutaka kuyasema kwenye simu.

Hospitali ilimpa Darrien wangu mashine ya oksijeni ya kulala nayo. Nilijua sola yetu itaiweza, maana betri ni nzima na paneli ni kubwa. Kumbe shida ni waya. Ule niliokuwa nao ni mwembamba, na fyuzi yake ya ampea thelathini ilikatika kila tulipowasha mashine. Emerson, binamu yetu, mdomo wake unaujua, akanicheka: "Fundi mzima unashindwa na kifyuzi? Weka ya sitini ulale." Nikamwambia fyuzi hailindi mashine, inalinda waya, ukiweka kubwa kwenye waya mwembamba, kitakachowaka ni waya wenyewe, na mtoto yumo ndani. Akasema basi nimfunge mbuzi pale awe anampulizia. Nilicheka, lakini roho iliniuma.

Waya mnene niliagiza Gallup, wakasema hadi mwisho wa mwezi, na gari langu gia zimekufa. Mtoto alikuwa anaamka midomo imebadilika rangi. Mama alinitazama nikihangaika, akatandika farasi, akaondoka bila kuaga. Jioni akarudi na waya mnene, mwekundu na mweusi, akautupa mlangoni. Nilipomuuliza kaupata wapi akanijibu, "We funga, maswali baadaye." Nikafunga, nikaweka fyuzi ya sitini karibu kabisa na betri, na mtoto akalala hadi kukakucha.

Tangu siku hiyo Mama haingii ndani. Analala kibandani kwa kondoo, anapika uji wake nje, na Darrien akimkimbilia anarudi nyuma. Mke wangu Lorinda akasema bibi kamchoka mjukuu, nikamjibu vibaya, tukanuniana. Mtoto naye akaniuliza kama bibi anaichukia mashine yake. 

Jana nikamfuata Mama zizini, nikasema siondoki bila jibu. Alinieleza akitazama chini. Dada, ule waya kautoa kwenye sola ya marehemu mjomba wetu, jina lake silitaji. Ile nyumba aliyofia, tuliyoifunga mlango na kutoboa ukuta wa kaskazini kumtoa maiti, ambayo mila inakataza kuingia wala kuchukua kitu, mkosi wa marehemu usikufuate, kaingia humo. Mama yetu huyu, aliyetuchapa kwa kuchungia tu karibu na pale, kapita kwenye tundu alimotolewa marehemu, na bisibisi mkononi.

Nikapandwa na hasira, nikasema nauondoa sasa hivi. Akanizuia kwa fimbo, maana kunigusa hataki, asinizidishie mkosi. Akasema, "Ukiuondoa, mtoto atapumua nini? Ningekwambia ungekataa, na haki ungekuwa nayo. Basi mkosi nimeubeba mimi. Nimemwambia ndugu yangu mulemule ndani, akidai, anidai mimi."

Mzee wa tambiko amekubali kuja kumsafisha, na mimi niliyeufunga, na mtoto pia. Lakini Mama anasema mtu haogi akiwa bado ndani ya matope; kwanza waya utoke. Na waya hauwezi kutoka mpaka upatikane mwingine. Amekonda, Verna. Naogopa mwisho wa mwezi hatafika.

Nakuomba, nunua huko waya wa shaba namba sita, mwekundu na mweusi, hatua tatu kila mmoja. Wakikwambia namba nane, ambao ni mwembamba zaidi, ni uleule, toka dukani. Na usiutume, uje nao mwenyewe, tambiko linawataka watoto wake wote.

Nilimwambia Mama nitakuandikia. Akasema nisikusumbue, una kazi zako. Nimeshafika mlango wa zizi akaniita, akauliza Phoenix hadi hapa siku hizi ni mwendo wa saa ngapi.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo.

Mdogo wako,
Leander Tsosie